Siku Mashine Iliponyamaza

Mama Chiriku alifungua kofia ya mashine ya boti ili afute oili tu, kazi ya dakika mbili, akabaki ameduwaa na tambara mkononi. Waya wa king'ora ulikuwa umekatwa. Si kwamba ulichakaa ukakatika wenyewe, wala si panya. Ulikatwa kwa kisu, kichwa kimoja huku, kingine kule, na kila kichwa kilikuwa kimevishwa utepe wa gundi wenye vipepeo vya buluu.

Utepe ule aliujua. Aliununua mwenyewe mwanzo wa muhula kwa ajili ya kufunikia madaftari ya bintiye. Ulikaa kwenye droo ya jikoni pamoja na mkasi na viberiti, na watu wanaofungua droo ile ni watatu: yeye, mume wake, na Chiriku mwenyewe, ambaye ana miaka sita na akiupata utepe hujibandika puani.

Asubuhi hiyohiyo alikuwa amemfunga mtoto jaketi okozi, akamkaza mkanda wa chini ya kidevu, akambusu kwenye paji la uso na kumpandisha boti hiyohiyo pamoja na wenzake kumi na tisa wanaosoma ng'ambo ya mto. Na boti iliporudi kuegeshwa, watu wote gatini walikuwa wakichekelea. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, mashine ilikuwa imevuka bila kupiga kelele.

"Leo kimya!" mume wake, nahodha wa boti ile, alikuwa amepaza sauti akiwa bado majini. "Baba, umeiweza!"

Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mikono nyuma, akijifanya habari hiyo haimhusu. Lakini masikio yake yalikuwa yamechangamka kabisa.

Mzee huyo watu walimwita Daktari. Hakuna shule aliyosomea udaktari wala ufundi. Aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa akiweka mpini wa bisibisi sikioni na ncha yake kwenye chuma, akafumba macho, kisha akakuambia mashine inaumwa nini. Miaka thelathini alitibu mashine za zamani, zile zinazounguza oili pamoja na petroli. Mashine hizo king'ora kikilia maana yake ni moja tu: tangi la oili limekauka, mimina. Ukimimina, zinanyamaza.

Kisha shule ikaleta hii mpya, isiyochanganya oili na petroli. Oili yake hukaa tumboni, ikizunguka humohumo, na hupimwa kwa kijiti chenye alama mbili, ya chini na ya juu. Mwezi wa kwanza ilikwenda vizuri. Mwezi wa pili ikaanza. Katikati ya mto, king'ora hicho, na taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili. Daktari akapima, akakuta imepungua, akaongeza. Kesho yake ikalia zaidi. Akaongeza tena. Halafu oili ikaanza kutapakaa chini ya kofia, nyeusi, inateleza, ikichuruzika hadi kwenye maji.

"Inavuja," alisema Daktari, na tangu hapo hakupata usingizi. Alibadilisha filta, akabadilisha sili za mpira za kuzibia oili, akabadilisha ringi ya nati ya kumwagia oili. Kila jioni alisema, "Nimeikamata." Kila asubuhi mashine ilimwumbua mbele ya watu. Wavuvi wakaanza kumtania: "Daktari, mgonjwa kaamkaje? Mwite mganga!" Yeye alicheka nao, lakini nyumbani alikuwa akisukuma sahani kabla hajashiba.

Mama Chiriku alitoka botini. Mume wake alikuwa nyuma ya karakana akisuuza ndoo.

"Baba Chiriku. Njoo."

"Nini tena? Uso huo kama umeona nyoka."

"Nimeona vipepeo."

Ndoo ilimponyoka. Hakuuliza vipepeo gani.

"Ulikata lini?" mkewe aliuliza kwa sauti ya chini, maana mzee alikuwa ndani.

"Jana jioni. Sikiliza, mke wangu..."

"Mtoto wako yumo mle!"

"Najua yumo! Watoto walikuwa wanalia kila inapolia. Na yule mzee, wewe humwoni anavyokonda? Nilisema siku mbili tatu tu, apumzike, watu waache kumcheka."

"Na mashine ikifa katikati ya mto, na maji yalivyo siku hizi?"

Mume akasema polepole, kama mtu anayekumbuka jambo ambalo hakutaka kulikumbuka, "Leo ilipungua nguvu. Tulipofika katikati. Ilijipunguza yenyewe, taa nyekundu ikawaka, nikajiambia ni mkondo tu."

Kumbe mashine ilikuwa imelia vilevile. Ililia bila sauti, na watoto ishirini wakiwa juu yake wanaimba hesabu za kuzidisha.

Ilikuwa saa tatu. Saa saba watoto wangesimama ng'ambo, mabegi mgongoni, wakisubiri boti.

"Hapandi mtu mpaka tujue," alisema.

Aliingia karakana. Daktari alikuwa akipiga mluzi. Mluzi! Wiki tatu haukusikika. Hakupenda kumkatiza.

"Baba, samahani. Kile kitabu kilichokuja na mashine kiko wapi?"

"Kitabu?" Alicheka. "Profesa wetu wa masomo ya jioni! Mashine imepona, sasa wataka kuisomea wasifu?"

"Naomba tu nikione, baba."

Aliinua kidole akaelekeza chini. Kitabu kilikuwa chini ya mguu wa meza ya kazi, ule mfupi, bado kimo ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mama Chiriku alipiga magoti akakichomoa. Meza ikayumba, spana zikaporomoka kwa kelele.

"Mashine ni mashine," mzee alisema akiziokota. "Chuma hakina lugha mpya."

Mama Chiriku alikifungua hapohapo sakafuni. Mwaka mmoja wa masomo ya jioni, akisoma huku mtoto amemlalia pajani, ulikuwa umemfundisha jambo moja: usiogope ukurasa wenye maandishi madogo. Alifika kwenye sura ya oili. Palikuwa na picha mbili. Ya kwanza, mashine imeinuliwa, mkia juu, na juu yake alama nyekundu ya kukataza. Ya pili, mashine imesimama wima, na mkono wa mtu umeshika kijiti.

Alitazama nje kupitia mlango. Mashine ilikuwa imeinuliwa, mkia juu.

Iliinuliwa kila siku. Gati lao lina mchanga, na ukiiacha mashine chini panga lake, lile linalozunguka majini, huchimba mchangani. Ndivyo walivyofanya na zile za zamani miaka yote, wala hazikudhurika. Kila jioni Daktari alipima oili ya mashine hii ikiwa imeinama hivyo, oili yote imekimbilia upande mmoja, na kijiti kinatoka karibu kikavu.

"Baba," alisema, na sauti yake ikamgeuka ikawa nyembamba. "Naomba tuishushe. Isimame. Halafu upime wewe mwenyewe."

Pengine ni ile sauti. Mzee hakutania tena. Waliisukuma boti hadi kwenye kina cha kutosha, wakaishusha mashine, wakasubiri oili itulie. Daktari akachomoa kijiti, akakifuta, akakizamisha, akakitoa.

Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Haikuipita kidogo, ilikuwa imepanda kijiti karibu urefu wa kidole kizima.

Alikifuta, akarudia. Alirudia mara ya tatu, ikawa vilevile.

"Haivuji," Mama Chiriku alisoma, kidole kwenye mstari. "Oili ikizidi hupigwapigwa ndani ikawa povu. Povu halilainishi chuma. Mashine huona kama haina oili, king'ora kikalia. Na ile ya ziada hutokea juu, kwenye bomba la kupumulia."

"Kwa hiyo inalia imeshiba," mzee alisema. "Inalia imeshiba, na mimi naizidishia."

Alikaa kwenye ukingo wa boti kama aliyesukumwa. Hapo ndipo macho yake yalipoangukia waya. Aliusogelea, akagusa kipepeo kimoja kwa ncha ya kidole.

"Nani?"

Nahodha alikuwa amesimama majini hadi magotini. "Mimi, baba. Sikupenda wakucheke."

"Ukaona afadhali wazame?"

Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu angepaza. Mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, aliinamisha kichwa.

"Lete karai," Daktari alisema. "Mtalia baadaye, saa saba hiyo inakuja."

Waliimwaga oili yote. Ilitoka na mapovu ya rangi ya chai ya maziwa. Karai likajaa, wakaleta ndoo, na Mama Chiriku akashangaa jinsi tumbo lile dogo lilivyobeba shehena yote ile. Waliweka filta mpya na oili mpya, kipimo kilekile cha kitabuni, si tone zaidi. Mume aliunga waya kwa mikono yake mwenyewe, akabandua vipepeo kimoja kimoja.

Mzee alishika bisibisi yake. Mashine ilipowashwa, king'ora kilitoa mlio mmoja mfupi, wote watatu wakaruka.

"Kitabu kinasema hivyo!" Mama Chiriku alipiga kelele. "Inajijaribu! Lazima ilie mara moja!"

Taa nyekundu ikazimika. Daktari aliweka mpini sikioni, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu, akihamisha ncha huku na huku, mahali ambapo hakuna kitabu ambacho kingemwonyesha.

"Haijajikwaruza ndani," alisema, na kufumbua macho yaliyolowa. "Tumewahi."

Waliivusha tupu, mara mbili, kwa kasi yote. Mara zote mbili haikupungua nguvu, na taa haikuwaka. Waliporudi waliizima, wakaiacha imesimama wima hadi oili itulie, kisha mzee akapima tena. Alipotoa kijiti hakukitazama. Alimpa mkwewe kwanza. Oili ilikuwa kati ya alama mbili.

Saa saba walikwenda wote watatu. Daktari alikaa nyuma kabisa, kitabu mapajani, plastiki yake ameitupa. "Nisomee," alimwambia. "Anzia mwanzo. Na usiruke maandishi madogo."

Ng'ambo, Chiriku alipanda akiwa tayari katikati ya hadithi ya mwenzake aliyemeza kifutio. Mama yake alimfunga jaketi, akamkaza mkanda wa chini ya kidevu, akamshikilia kidogo zaidi ya kawaida.

"Mama, unanibana! Babu, kwani leo nawe unasoma?" Kisha akainama. Kwenye sakafu ya boti kipepeo kimoja cha buluu kilikuwa kimenata. "Hee! Nani kachukua utepe wangu?"

Baba yake aliyekuwa ameshika usukani alimgeukia.

"Ni mimi, mama. Nilikosea. Nitakununulia mwingine."

"Sawa," Chiriku alisema, akajibandika kipepeo puani.

Mashine ikawaka, ikalia mara moja. Watoto ishirini wakaziba masikio. Hakuna mtu mzima aliyeomba inyamaze.