Kichuguu kilichopita mlangoni kwa Mwanasiti

Mwanasiti, jirani yake Lea pale Nguvumali, anashikilia kwamba kichuguu kilimpita mlangoni baada ya sala ya adhuhuri, yeye akipepeta mchele. Kilikwenda taratibu, kama mja mzito, mchwa wake wakiendelea na kazi zao.

"Hata hodi hakikupiga," alisema. "Nikasogeza ungo, kikapita."

Lea ndiye aliyekiambia kihame.

Mambo yalianza mwanawe Noa alipopona degedege. Wazee wa kanisa walisikia kwamba Lea alimpeleka kwa mganga, wakamtenga. Tangu hapo aliketi benchi la nyuma, Meza ya Bwana akaitazama kwa mbali. Aliwaeleza kwamba alipiga magoti tu, akaomba mpaka mtoto akafumbua macho. Mwanasiti alikuwapo, amemshika mtoto miguu.

"Mwislamu atushuhudie maombi ya Mkristo?" alisema Mzee Abrahamu. "Tuletee shahidi wa maana."

"Mzee wangu, bahari ilipompasukia Musa, nyinyi mlileta shahidi gani?"

"Kile ni Kitabu, binti. Kitabu huaminiwa. Wewe ndiwe wa kuthibitishwa."

Lea alirudi nyumbani akilitafuna neno hilo. Kitabu hichohicho kilisema imani huhamisha mlima. Nguvumali mlima haukuwapo. Kulikuwa na kichuguu, kimekaa pale wazee walipotaka kujenga chumba chao, na majembe yalikwishakishindwa. Akasimama mbele yake, kanga kaifunga kibwebwe.

"Ondoka hapa. Nenda nyuma kwa Mwanasiti, kuna nafasi."

Kisha akajitwika ndoo, akaenda kuteka maji. Hakugeuka kutazama.

Wazee walikuja na kamba, wakapima palipobaki patupu, wakauliza nani aliyeona. Mwanasiti akaeleza, ungo mkononi. Mzee Abrahamu aliridhika. Mama huyu anajulikana mtaa mzima, alisema, uongo si wake. Jumapili maneno ya Mwanasiti yakatangazwa mimbarani, watu wakaimba, na wazee wakapata kiwanja chao.

Benchi la nyuma lilibaki na mtu wake.

Ibada ilipokwisha Lea alisimama mlangoni, shingo imenyooka, Noa ubavuni. Mwanasiti naye alikuwa nje, amekuja kulalamika kwamba mchwa wa kanisa wanamlia kuni.

"Shikamoo mzee," alisema Lea. "Shahidi wenu wa kichuguu ni huyuhuyu aliyenishikia mtoto."

"Tena nilimshika kwa mikono hii," alisema Mwanasiti. "Mganga wenu sikumwona."

"Basi mwaminini na kwa hilo, mnirudishe Mezani."

Mzee Abrahamu alimtazama Mwanasiti, akakitazama kiwanja, kisha akawaita vijana wafunge madirisha.

Lea hakusogea. Alikwisha kuhamisha vizito kuliko mzee.