Chomoa

Mtaani kwetu mume wangu wanamwita Bwana Tahadhari, na jina hilo hakulipata bure. Ni fundi wa majokofu. Hawezi kuvuka barabara tupu bila kuangalia mara mbili, na akikaribishwa kiti lazima akitikise kwanza. Kwa hiyo aliposema anataka kutengeneza bia nyumbani kwa hita ya umeme, sikuwa na wasiwasi wowote. Nilicheka tu, maana nilijua hiyo hita itadekezwa kuliko mimi.

Ikadekezwa kweli. Stoo yetu ya nyuma iligeuka ufalme wake. Alivuta waya mnene wa peke yake, akaunganisha sufuria kubwa na waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, akafunga ukutani swichi ya usalama, ile inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Hita ilikuwa chuma kilichopindwa, chenye mshikio wa plastiki juu, alichokining'iniza ndani ya sufuria. Hakuwahi kuiwasha kabla maji hayajaifunika. Hakuwahi kuitoa majini kabla hajachomoa plagi na kusubiri ipoe. Hata mwiko hakuutia humo umeme ukiwa unawaka, wala hakuwahi kutoka akaiacha hita peke yake. Na mtu mwingine kuingia ilikuwa marufuku.

"Hata mimi mama yako?" mama mkwe alimwuliza siku moja, amesimama mlangoni na kichana mkononi.

"Hata wewe, Mama. Umeme hauna adabu, haujui mkubwa wala mdogo."

Mama mkwe akanigeukia, akanikonyeza. "Pole mwanangu. Umeshaletewa mke mwenza."

Mama mkwe tuliishi naye, na alikuwa msusi. Wanawake walimfuata kutoka mitaa ya mbali kwa sababu ya mkono wake mwepesi. Ukikaa mbele yake unaweza kusinzia. Mimi alinisuka kila Jumapili, na siri zetu zote za ndoa alizitolea humo humo kichwani kwangu. Sijawahi kujifunza kusuka. Nijifunze cha nini, na yeye yupo?

Jumamosi ile nilikuwa kazini, kwenye duka la vitambaa. Mume wangu alikuwa amewasha hita, maji ndiyo kwanza yanaanza kupata uvuguvugu, simu ikalia: jokofu la mwenye bucha limekufa na nyama zote zimo ndani. Akavunja sharti lake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Akaondoka akiacha hita inawaka, akijua atarudi maji hayajachemka. Kufika buchani akakuta kazi si ya kurudi leo. Akampigia mama yake.

"Mama, ingia chumba cha nyuma. Chomoa hita."

"Nichomoe?"

"Chomoa tu, Mama, halafu utoke. Nakuja."

Mama mkwe akaingia chumba ambacho hakuwahi kuruhusiwa kukanyaga. Akaona sufuria, na ndani yake kitu chenye mshikio kimezamishwa, kama upawa kwenye uji. Wewe ungechomoa nini? Mimi ningechomoa hicho hicho. Plagi ilikuwa ukutani nyuma ya mlango, mbali na maji, mahali ambapo mtu mwangalifu angeiweka. Akashika mshikio, akaichomoa hita kutoka majini huku bado inakula umeme, akailaza juu ya gunia la kimea.

Ikiwa nje ya maji haina cha kuipoza. Ikawa nyekundu, na gunia likaanza kufuka moshi. Mama mkwe akahofia nyumba, akahofia na bia ya mwanawe, akaidaka airudishe majini. Hakuushika mshikio. Alishika pale mkono ulipoangukia.

Jirani yetu, dereva wa lori, alisikia yowe akakimbilia meinswichi. Ile swichi ya usalama ilikaa kimya muda wote. Umeme haukuvuja hata chembe, kwa hiyo haikuona kosa. Siku ile kila kitu alichokifunga mume wangu kilifanya kazi yake sawasawa.

Kidonda kilipona. Vidole vya mkono wa kulia vikabaki vimejikunja nusu, havifunguki wala havifumbiki. Daktari akasema tusubiri, tukasubiri. Wateja wakaja kumpa pole, wakaja tena kuuliza hali, kisha wakaacha kuja.

Lakini kilichonikera mpaka nikakosa raha ni kwamba mama wa watu ndiye aliyekuwa akiomba msamaha. "Nisamehe mwanangu, nilikuharibia bia yako." Mume wangu anajibu si kosa lako Mama, na kutoka nje. Alishang'oa mitambo yote na chumba kikarudi kuwa stoo.

"Si umwambie!" nilimfokea.

"Nimwambie nini? Kwamba 'ukutani' ni neno moja na lilinishinda kulisema?"

Nilibaki na hasira zangu, na hata sikujua namkasirikia nani.

Jumapili moja mama mkwe akaniita nikae chini. Kichana kikamponyoka, akakiokota, kikamponyoka tena. Ndipo akamwita mwanawe.

"Kaa hapa nyuma ya mkeo. Leo mikono yako ndiyo yangu. Gawa nywele. Hapo. Hizo za juu zishikize na kichana zisikusumbue. Sasa chukua tatu, suka. Taratibu, bwana! Hiyo si nati unakaza."

Tukacheka wote watatu. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka lini. Akasuka, akafumua, akasuka tena, mpaka mstari wa kwanza ukafika mwisho.

"Haya," mama mkwe akasema. "Chomoa."

Mikono ya mume wangu ikasimama kichwani kwangu.

"Nichomoe nini, Mama?" akauliza. "Wapi?"

Mama mkwe alifungua kinywa kumtania, akakifumba. Sikuweza kugeuka. Niliuona tu ule mkono wake mapajani, umejikunja.

"Ilikuwa plagi," mume wangu akasema. "Plagi, Mama. Ukutani, nyuma ya mlango. Nilitakiwa kukwambia ukutani." Chozi likanidondokea utosini.

"Kumbe," akasema mama yake. "Maana nimekuwa nikijiuliza, mwanangu mwangalifu hivi, iweje anitume nikashike moto."

Akasogea karibu, akaweka ule mkono juu ya mkono wa mwanawe.

"Kichana, baba. Kiko kwenye nywele za mkeo, juu, upande wa kulia. Kivute taratibu."