Misumari Tatu Ndani ya Mulombwa

Mama Emilienne, jirani wa pale nyuma, anasema aliona kwa macho yake: mashini ya Eddy ya kupasua mbao iligonga musumari ndani ya gogo la mutu wa Chienge, ule musumeno mwembamba kama mukaba wa suruali ukakatika, ukaruka, ukaondoa kofia ku kichwa cha Eddy. Kofia tu. Batu balicheka, kisha bakasogea mbali na mashini. Tangu siku ile Eddy hapandishi gogo mpaka mwenye gogo aape mbele ya batu kama hamuna chuma.

Mathilde alisikia ile habari, akawaza muti wao. Baba yake, Papa Gustave, alikuwa amekata ule muti mukubwa wa mulombwa apate mbao saba za bwato. Lile la zamani lilioza, na sasa nyumba nzima ilikula samaki za kuomba. Huku Nchelenge Papa alijua mashini mbili. Ya Rabson, ya musumeno wa duara, haiogopi chuma sana, lakini inageuza muti kuwa unga; ingetoa mbao tano, na bwato la mbao tano haliko bwato. Ya Eddy inakata kwa wembamba, inatoa saba. Papa akachagua Eddy.

Lakini miaka mingi nyuma, balipofika kutoka Kongo, balilala chini ya ule muti. Papa aligonga misumari munane kufunga hema ya plastiki, Mathilde akimupa moja-moja. Balipohamia nyumba ya matofali, Papa akaing'oa, Mathilde njo aliipokea mu kopo ya maziwa. Ilitoka tano. Ile tatu ingine muti ulikwisha kuimeza.

Jana alimukumbusha Papa polepole. Papa akamuuliza kama yeye, aliyeishia darasa la sita, sasa njo anamufundisha kuhesabu.

Leo gogo liko juu ya mashini.

"Muzee Gustave," Eddy akasema, "mbele ya batu: mu hii muti hamuna chuma?"

"Hamuna. Ni mimi niliukata, ni mimi naujua."

"Musumeno ikikatika, gogo inabakia yangu."

"Ibakie."

Bakapeana mikono. Mathilde alizunguka gogo, akipapasa ganda, akitafuta hata kovu moja. Ganda lilikuwa limefunga kabisa. Eddy akainama pale musumeno unapita, akavuta kamba ya moteri. Haikuwaka.

Mathilde akasimama nyuma ya baba yake, akashika shati lake.

"Papa," akasema chini-chini, "ile tatu haikutoka. Tupeleke kwa Rabson. Mbao zingine tutatafuta. Nakuomba, umuambie Eddy."

Papa alisikia, lakini hakugeuka. Eddy akavuta kamba mara ya pili, moteri ikawaka.