Mkaa wa Bosi

Jumamosi mchana dereva alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba ya bosi wake, akipepea jiko la kuchomea nyama kwa kipande cha boksi. Hakuajiriwa kupepea. Aliajiriwa kumwendesha mkurugenzi wa bei za mafuta, lakini leo bosi ana wageni, na ukishaambiwa "hebu nisaidie hapo" na mtu aliyeshika mshahara wako, utasema nini?

Alikuja kwa miguu, mwendo wa saa moja na nusu. Tangu petroli ipande mara ya tatu, nauli nayo ikapaa, na yeye, dereva mzima, akawa mtu wa kutembea ili akaendeshe gari. Mtaani walimtania, "Dereva, leo umeliegesha wapi?" Akacheka nao. Hilo alilizoea.

Asiloweza kulizoea ni la mama mkwe. Huyu alikuwa na siku ya tatu kwake, amekuja kumwona mjukuu, na nyumbani hakuna moto. Gesi imeisha, mkaa wa dukani haushikiki. Siku mbili mama wa watu anakula mkate mkavu huku akisema, "Nimeshiba, mkwe wangu, mimi vya moto sivipendi." Muongo! Alikuwa anamsitiri, na kusitiriwa na mama mkwe ndani ya nyumba yako mwenyewe ni aibu isiyo na pa kuiweka. Kesho alfajiri anaondoka. Mchele umeshachaguliwa. Leo lazima ale chakula cha moto.

Bosi alikuwa amemwaga nusu gunia la mkaa kwa nyama ya watu sita. Kusubiri wamalize haikuwezekana, maana wakimaliza, jiko lote humwagiwa maji na majivu yake huwa tope. Kuomba? Aombe mkaa uliokwisha kutumika, mbele ya wageni? Ulimi ulikataa. Basi akachukua koleo, akawa anatoa vipande vikubwa kimoja kimoja, anavizima kwenye ndoo ya maji, anavitia kwenye mfuko wa nailoni.

"Mzee, mbuzi wako bado analia!" mgeni mmoja akampigia bosi kelele, kipande cha nyama kikimchuruzika damu mkononi. Wakacheka. Bosi akaja kutazama jiko, akauona mfuko.

"Nini hicho?"

"Mkaa, bosi."

"Wa nani?"

"Wako, bosi. Nyumbani kuna mgeni."

Dereva akangoja matusi. Angeyashukuru matusi. Bosi akamshika bega na kumgeuza kwa wageni.

"Si niliwaambia? Magazeti kutwa yananiandama, bei, bei! Haya, tazameni. Bei ikipanda watu wanajifunza kubana matumizi. Huyu siku hizi anatembea, kitambi chote kimekwisha. Sasa hata mkaa hatupi ovyo!"

Wageni wakapiga makofi.

"Asante, bosi," dereva akasema. Aliusikia mdomo wake mwenyewe ukishukuru, akatamani ardhi ipasuke immeze.

"Haya, rudisha. Watu wana njaa."

Akaumimina wote. Mkaa uliolowa ukafuka moshi tu. Akapiga magoti, akapuliza mpaka macho yakamwiva, moto ukazimika kabisa, na wageni wakasogeza viti huku wakikohoa.

"Bwana wee, utatuua!" bosi akafoka. "Stoo kuna galoni ya petroli ya jenereta. Mwagia."

"Nyama itanuka, bosi."

"Hiyo wape mbwa. Nyingine ipo kwenye friji."

Akaipeleka nyama kwa mbwa, akaleta galoni, akamwaga kidogo, kwa mkono wa mtu anayepima dawa ya mtoto.

"Mwaga, bwana! Unaionea uchungu, kwani yako?"

Akamwaga lita nzima. Hapo simu ikaita. Ni mkewe, ananong'ona.

"Baba, mama anauliza, akate mkate au tukusubiri?"

Bosi alikuwa amesimama kando yake, amemnyooshea kiberiti.

"Nisubirini," dereva akasema, akakata simu, akakipokea kwa mikono miwili.