Vifungo Viwili

Sinema yenyewe ilikuwa ya zamani, ya enzi Bibi angali fundi kijana, miguu haitoki kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jua lizame. Nguo zote za mwigizaji mkuu wa kike alizishona yeye. Basi Jumapili hiyo baada ya chakula, mjukuu wake na mchumba walipoiweka kwenye televisheni, Bibi alipangusa miwani na kukaa mkao wa kula.

"Leo tunaona kazi ya mke wangu mkubwa," mchumba akamtania.

"Nyamaza, mume gani hujui hata kutunga uzi kwenye sindano!"

Wakacheka. Na mwanzoni ilichekesha kweli: masharubu ya kubandika, watu wanalia macho makavu. Kisha mume wa kwenye sinema akamkamata mkewe mkono na kumzaba kofi, la pili, la tatu, muziki mtamu ukipigwa, na mke ndiye akaomba radhi kwa kuchelewesha chai. Zamani ukumbi mzima ulishangilia. Bibi naye alishangilia. Leo mwili ulimsisimka.

Maana alijua wasilolijua watazamaji. Yule dada aliyeigiza mke alikuja kupimwa ana alama za vidole mkononi. Kukamatwa kule hakukuwa kwa kuigiza tu. "Fundi, nirefushie mikono," akasema, basi. Naye akairefusha, akatia vifungo viwili kwenye kifundo ili isipande. Hakuuliza kitu.

"Huyo ndiye mwanamume," mchumba akasema, mguu juu ya meza. "Siku hizi wanawake mmedekezwa mno."

Mjukuu alitazama zulia. Hapo ndipo Bibi alipoona: joto lote lile, feni inazungusha hari tu, na binti kavaa mikono mirefu. Vifungo viwili. Alimfundisha mwenyewe kuvishona.

Labda ni mtindo tu, Bibi akajiambia. Lakini akaichukua tepu yake ya kupimia.

"Njoo nikupime mkono, mama. Nguo ya harusi hiyo."

"Si ulishanipima, Bibi?"

"Macho yangu haya ya kuazima. Njoo."

"Mwache, Bibi, sinema haijaisha." Mchumba hakuwa akicheka tena.

Bibi akamgeuzia mgongo, akafungua kifungo cha kwanza. Vidole vya mjukuu vikamshika, baridi kama chuma. Akafungua cha pili, akapandisha kitambaa kidogo tu. Alama nne upande huu, moja upande wa pili.

Akakishusha.

"Mume wangu," alisema, akiiomba sauti isimsaliti, "hebu nifuatie uzi mweupe hapo dukani."

Kijana alimkazia binti macho, kitambo. "Narudi sasa hivi," akasema, akatoka.

Bibi alizungusha ufunguo mara mbili, kisha akaiendea cherehani yake ya chuma.

"Atarudi, Bibi," mjukuu akanong'ona.

"Najua. Shika huku, tuisukume mpaka mlangoni."