Vaiza ya Mama Mkwe

Kwa Wabukusu wa rika la Nasike, mama mkwe haketi bega kwa bega na mume wa bintiye, wala hawatazamani usoni. Naye Nasike, mama mkwe wa Wakoli, aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Tangu Wakoli amwoe Nekesa, mama hakuwahi kumsemesha ana kwa ana. Salamu zilipitia kwa Nekesa, lawama zilipitia kwa Nekesa, hata shukrani za sukari zilipitia huko huko.

Sasa mama alikuwa amepasuliwa goti mjini Eldoret, na daktari alisema bila kuuma maneno: mguu usikunjwe, garini akae kiti cha mbele, na arudi kliniki kila mwezi, la sivyo hatatembea tena. Mama aliposikia "kiti cha mbele", yaani ubavuni pa Wakoli mwenye gari, akageukia ukuta wa wodi.

"Nekesa, ambia bwana yako mimi nabaki hapa hapa. Na hiyo kliniki nimeacha."

Wakoli, aliyesimama nje ya mlango, aliyasikia yote. Mguu mzima uharibike kwa ajili ya kiti! Alikasirika, kisha akahuzunika, maana alimpenda yule mama, ingawa alimfahamu zaidi kwa kisogo.

"Ambia mama angoje kidogo," akasema. "Mimi ni seremala."

Gari lake lilikuwa na vaiza mbovu upande wa abiria, kile kibao kinachoteremshwa kuzuia jua. Kilivunjika siku alipopakia kitanda cha mteja, na tangu hapo kilining'inia tu. Mtu mwingine angekirudisha mahali pake. Wakoli alikipeleka karakana yake Langas, akachagua bawaba nzuri ya kabati, akakifunga katikati ya paa, baina ya viti viwili. Ukikigeuza mbele, kinamkinga abiria na jua. Ukikigeuza nyuma, kinasimama kati yake na dereva, usawa wa macho kabisa.

Jirani yake Gerishon akachungulia dirishani. "Wakoli, hii ni gari ama ni kiti cha maungamo?"

"Hii ni adabu, bro. Na iko na bawaba."

Mama alikikagua kibao kile kwa muda, akakisukuma kwa kidole, akakivuta. "Nekesa, ambia bwana yako anisaidie na begi."

Wakoli alijisikia ameshinda. Wakashika njia ya Moi's Bridge, nyumbani kwa mama, alasiri, Nekesa nyuma na mizigo. "Ambia bwana yako apunguze, kuna matuta," mama akasema, na kabla Nekesa hajafungua mdomo gari likawa limeshapunguza.

Walipopita Soy, jua lilikuwa limeshuka mbele yao. Likampiga mama machoni. Alijikinga kwa kiganja, akajikinga kwa leso, mwisho akajipinda kulikwepa, na goti likamfanya agune kwa maumivu. Wakoli akajilaumu. Kibao kimoja, kazi mbili! Mbona hakufunga viwili? Na kukigusa hakuthubutu. Asipofika salama leo, mama huyu haingii tena gari lake, na kliniki ndiyo basi.

"Nekesa, ambia mama nitasimama tungoje jua lizame."

Mama akanyoosha mkono. Bawaba ikalia. Kibao kiligeuka mbele, kivuli kikamwangukia mama usoni, na baina yao hapakubaki kitu. Wakoli alikaza shingo, akaikodolea macho lami.

"Wakoli."

Nekesa, aliyekuwa tayari kupeleka ujumbe, akafunga mdomo.

"Naam, mama," Wakoli akajibu.

"Dereva anaangaliaga wapi?"

"Barabara, mama."

"Na mimi naangalia mahindi ya watu. Sasa nani ameona mwingine?"

"Hakuna, mama."

"Basi siku ya kliniki ukuje unichukue." Akanyoosha mguu wake, akaegemea kiti. "Na hii bawaba yako upake mafuta. Inapiga kelele."