Mistari Miwili ya Chaki

...afadhali wangebaki kwenye viatu, juzi juzi walibishana juu ya viatu na mimi sikuumia popote, Raheli, yule mpishi wa kwenye drama ya televisheni, alikataa kuvua viatu vyake mlangoni pa jiko la memsahib, na Leonida akapiga makofi kama yuko kanisani, akasema mambo yalianza kubadilika Kenya hii siku mwanamke alipoingia jikoni kwa mzungu na viatu vyake miguuni, si bungeni, jikoni, na Nduta akamjibu kwamba bado kuna nyumba hapa Eldoret mfanyakazi anaacha ndala nje, kwa hivyo hayo mabadiliko yanakuja kwa miguu, tukacheka wote watatu, na nikashona vizuri siku hiyo... lakini leo ni taa, tangu drama ianze saa tisa ni taa tu, taa ya chemni ambayo Raheli aliitundika mlangoni kwa rafiki yake Keziah, wakati ule wa Emergency, wazungu wakisaka Mau Mau, akaenda zake bila kusema neno, kisha askari wakaja wakamchukua mume wa Keziah, na hao waliotengeneza drama hawataki kutuambia taa ilikuwa ya nini, kumwonya Keziah akimbie au kuwaonyesha askari nyumba, wametuachia sisi tukosane, na mimi nimesimama hapa na pasi ya makaa, majoho thelathini na mbili ya kwaya ya Moi's Bridge yanatakiwa Jumatatu, nimefika la kumi na tisa, kola, mkono, kola, mkono, na wale wawili wamenipa migongo, Leonida mwenye televisheni, anayeuza sweta za shule nusu ile ya duka, na Nduta, ambaye tumekata nguo naye juu ya meza hii moja tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa, ukitoa ile miaka minne ambayo hakuwa hapa, na ufunguo wa nyumba yake uko mezani karibu na chaki yangu, ameuweka asubuhi, ati nimchungie nyumba, kesho anaenda Nyahururu kwa dada yake mpaka kura zihesabiwe... mpaka kura zihesabiwe, anasema hivyo, lakini nimeona amefunga hata sufuria, na mtu hafungi sufuria kwa safari ya wiki mbili.

Leonida anasema taa ilikuwa ya kuonya, mtu aliyekataa kuvua viatu hawezi kuuza rafiki yake, anasema hivyo kwa sababu anampenda Raheli, akimpenda mtu kwenye televisheni basi huyo hakosi, alimpenda hata yule karani mwizi kwa sababu ya masharubu, na Nduta anatikisa kichwa, anamwambia, "Mama Byron, kama alikuwa anamtakia mazuri, si angepiga hodi? Mlango uko hapo. Mkono anao." Na Leonida anasema aliogopa kuonekana, mambo ya wakati ule unayajua... na mimi nilikuwa nataka kumuunga mkono Leonida, mdomo ulikuwa umeshafunguka, ndipo Nduta akasema lile jambo, akalisema vile unavyosema umesahau mwavuli, bila kuniangalia, bila kumwangalia Leonida, akiangalia Raheli anakuna nazi ambayo sijui mpishi wa shamba la ngano aliitoa wapi, akasema, "Mimi niliona chaki kwa mlango wangu. Ile mwaka. Nikajua nimepimwa. Nikachukua kitambaa cha maji nikafuta." Amefuta... nasikia neno hilo moja tu, amefuta, pasi imesimama juu ya kola na kola inaanza kunuka, ondoa mkono Aketch, ondoa, haya, imeacha alama ya kahawia kidogo upande wa ndani, haitaonekana, amefuta, alifuta kwa mkono wake, miaka tisa nimelala nikijiuliza kwa nini wale vijana wa baada ya kura walipita kwangu bila kugusa, na kwake wakaingia wakamfukuza, nikawalaumu kwamba hawakuheshimu alama, nikamlaumu Kipkemboi kwamba alinidanganya, na masikini Kipkemboi alisema kweli tupu.

Kwa sababu ni Kipkemboi aliyeniambia, yule aliyekuwa akituletea maziwa kutoka Moiben kwa baiskeli, ilikuwa Jumatatu, matokeo yalikuwa yametangazwa jana yake na moshi umeshaanza kupanda upande wa chini, akaingiza kichwa dukani, hata maziwa hakuwa nayo, akasema, "Mama Odera, weka mistari miwili kwa mlango. Wakiona mistari miwili watajua ni wetu, watapita," na akaondoka haraka kwa sababu naye akionekana ananena hivyo dukani kwangu yangemkuta ya kumkuta, na mimi nikachukua chaki, ile yetu bapa ya buluu, nikaenda nyumbani, tulikuwa tumepanga plot moja, mlango wangu na wa Nduta unatenganishwa na wa bafu tu, nikachora mistari miwili kwangu, nikasimama, saa kumi ilikuwa, jua bado liko, namkumbuka mama yake Nduta akikohoa ndani, nilisikia kijiko kwenye kikombe, walikuwa wanakunywa chai, nikachora mistari miwili kwa Nduta pia... na sikupiga hodi. Mkono ninao. Mlango ulikuwa hapo. Niliogopa, hiyo ndiyo kweli yote wala haina nyongeza, niliogopa mtu aniangalie kutoka barabarani nikiongea naye mlangoni, nikajiambia chaki itaongea yenyewe, nikaingia kwangu nikafunga komeo na nikajiona nimefanya kazi kubwa, nikajisifu hata, nikapika ugali... na Nduta akatoka kuteka maji, akaona chaki kwa mlango wake, na Nduta ni fundi, sisi mafundi chaki ina maana moja tu, mahali pamechorwa ndipo mkasi unapita, kitambaa kisicho na chaki kinabaki kizima, tunawafundisha hivyo hata wanagenzi siku ya kwanza, sasa angewaza nini kingine, mtu mwingine, mwalimu, muuza mboga, angeona mistari miwili kwa mlango wangu na miwili kwa wake akajiuliza, lakini Nduta aliona chaki akaona mkasi, akafuta, akamshukuru Mungu ameiona mapema, na kwa sababu amefuta akatulia, hakukimbia jioni hiyo kama wengine wa kabila lake, akalala akijua amejificha, na mimi nilimfundisha chaki mimi mwenyewe kabla hajajua hata kutia uzi sindano.

Leonida anamuuliza, basi hukujua ni nani, na Nduta anasema hakuona mtu, lakini haikuwa chaki ya shule, ilikuwa ya fundi, ile buluu, kwa hivyo ni mtu wa karibu, na anainua kidevu kidogo tu kuelekea barabarani, ng'ambo, kwa Murunga... oo Mungu wangu, Murunga, kumbe ni hiyo, Murunga fundi wa suti, mzee wa watu, miaka mitano tangu Nduta arudi hajawahi kuitikia salamu yake, nilidhani ni mambo ya wateja, alipokuja na pole yake ya vifungo na zipu, mfuko mzima, ati umeanza upya dada, chukua, Nduta aliuacha mlangoni mpaka mvua ikaunyeshea, na mimi nikauchukua nikatumia zile zipu, nimezitumia kwenye sketi za watu, na nikamwambia Murunga usijali, yuko na uchungu tu, nikidhani najua uchungu wenyewe, na kila asubuhi Murunga hufungua duka lake akatuinulia mkono, na ninayeinua mkono kumjibu ni mimi, mwenye chaki.

Raheli sasa yuko kisimani, Keziah amemwona naye anageuza ndoo yake aende njia nyingine, Leonida anasema ona, ona anavyomtendea mwenzake na hajui, na Nduta anasema anajua, anajua vizuri sana... hajui, Nduta, hajui, na wewe hujui, na mimi nilikuwa sijui mpaka dakika tano zilizopita, sasa kati yetu sote humu ndani ni mimi peke yangu ninayejua, na nimeona jinsi ninavyoweza kulibeba, ni rahisi sana, hilo ndilo linaloniogopesha, ninyooshe kola, tangazo la sabuni liingie, Nduta aende Nyahururu na sufuria zake, afe huko akiwa mzee akiamini mtu wa hapa mtaani Langas alimpima kama kitambaa, na Murunga afe akiinua mkono, na mimi nibaki na ufunguo wa nyumba yenye utitiri... nikae kimya kwa huruma, labda hiyo ndiyo huruma, kwa sababu mama yake, fikiria mama yake, mama yake aliyekohoa kwenye lile hema la wakimbizi la Showground mpaka mwezi wa tatu na hakuona wa nne, nikisema leo Nduta atajua kwamba alama ilikuwa ya kuwalinda na kitambaa kilichoifuta kilikuwa mkononi mwake, nani anaweza kumpa mwenzake mzigo huo Jumamosi saa tisa na nusu, kesho ana safari, na unaona, Aketch, unaona unavyofanya, unachora tena, unasimama mlangoni pake na chaki yako ya huruma na unaangalia barabarani nani anakuona, jambo zuri linalofanywa kimya kimya likamwangukia mwingine kichwani, ndivyo ulivyofanya mara ya kwanza, na mara ya kwanza ulikuwa na sababu, kulikuwa na moshi, leo kuna moshi gani, ni makaa ya pasi tu.

Hapana. Alifuta kwa sababu sikusema, hilo ndilo nitakaloanza nalo, sitaanza na kitambaa chake, nitaanza na mkono wangu, nitasema nilikuwa mlangoni kwako nikasikia kijiko cha mama kwenye kikombe na sikupiga hodi, mzigo huo ni wangu, nitaushika upande mzito, na akilia nitakaa, na akinitukana nitakaa, na akichukua ufunguo wake aende nao, basi aende nao akijua kwa nini anaondoka, si kwa sababu alipimwa, hakuna mtu wa karibu aliyempima, katika yote aliyonyang'anywa mwaka ule hicho kimoja nilikuwa nacho mimi mfukoni bila kujua, nacho nitakirudisha, na kesho, akitaka au asitake, nitavuka barabara niende kwa Murunga nikamwambie kuhusu zile zipu... Leonida atasikia, asikie, Leonida atasema si nilisema taa ilikuwa ya kuonya, atafurahi hata, mwache afurahi, ana haki, lakini Nduta naye ana haki, wote wawili wamesema kweli, taa ilikuwa ya kuonya na Raheli angepiga hodi.

Basi naweka pasi kwenye kigae chake, joho la kumi na tisa linaweza kungoja, kwaya ya Moi's Bridge inaweza kuimba na kumi na nane, nachukua chaki, vidole vina jasho, buluu inashika kwenye jasho, nachora mezani mstari mmoja, na wa pili kando yake, pale pale karibu na ufunguo, vile nilivyochora, urefu wa kiganja, ili akigeuka aone kabla sijamaliza kusema na asiwe na namna ya kudhani ni Murunga, na Raheli kwenye televisheni bado yuko kisimani, hawajasema naye neno, Leonida bado anamtetea, Nduta bado amenipa mgongo, naona kitambaa chake cha kichwa na lile jino la kitana linalochomoza nyuma, hakuna kilichobadilika humu, makaa ni yale yale, na nakunja ngumi nagonga meza yetu ya kukatia, mara tatu, kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Hodi," nasema.

Na Nduta, macho yake bado kwa Keziah na ndoo yake, ananiitikia bila kufikiri, vile mtu yeyote huitikia akiwa kwake, "Karibu."